Mjadala: Je, mume wa Barbara Windsor alikosea kutangaza ugonjwa wa mkewe?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili, maana limetugawa kazini na kila mmoja bado kashikilia lake.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Uingereza, huu ni mwaka wa saba, na wengi ninaowahudumia wana dimensia, maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili. Juzi usiku, wazee wameshalala, tulikuwa jikoni mimi na dada mmoja wa Mombasa ninayefanya naye zamu, mazungumzo yakaangukia kwa Barbara Windsor, yule aliyeigiza Peggy Mitchell kwenye tamthilia ya runinga ya hapa, EastEnders. Dada anasema mume wake alimvua nguo hadharani. Mimi nasema alimsaidia.

Niiweke hoja yake kama alivyoitoa, nisije nikamdhulumu. Windsor aligundulika kuwa na ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimensia, mwaka 2014. Watu hawakujua lolote mpaka Mei 2018, mume wake, Scott Mitchell, alipozungumza na gazeti. "Miaka minne ilikuwa siri ya nyumbani kwao," dada akaniambia. "Angetaka watu wajue, si angesema mwenyewe akili zikiwa bado zake? Hali ilipozidi, ndipo mwenzake akamsemea. Hiyo stara iko wapi?"

Ni hoja nzito. Nimekaa nayo siku mbili kabla ya kuandika hapa.

Kwa wasiomfahamu: Windsor alizaliwa 1937, mtoto pekee wa familia ya kawaida ya mashariki ya London. Mwanamke mfupi, hafiki futi tano, mwenye kicheko ambacho Waingereza wanakitambua hata wakiwa chumba cha pili. Alipikwa kwenye jukwaa la mwongozaji wa michezo ya kuigiza Joan Littlewood kule Stratford, London, akafika mpaka Broadway kule New York, na mwaka 1965 aliteuliwa kuwania Tony, tuzo ya Marekani ya michezo ya jukwaani. Watu husahau hilo kwa sababu filamu tisa za vichekesho za Carry On zilimfanya aonekane mrembo wa kuchekesha tu. Halafu 1994, akiwa na miaka 57, umri ambao waigizaji wengi wa kike simu huacha kuita, akaingia EastEnders kama Peggy, mama wa akina Phil na Grant na mwenye baa ya Queen Vic. Alivyokuwa akifukuza watu kwenye ile baa, wanaume wenye mabega mapana walikuwa wanatafuta mlango.

Peggy huyohuyo alipewa saratani ya matiti, na mwaka 1999 akakatwa titi, kwenye runinga sebuleni kwa watu, saa ya chakula cha jioni. Wakati ule si kila nyumba ilikuwa inalitaja jambo hilo kwa sauti. Ndiyo kazi aliyoifanya mama huyu: kuyatoa chumbani mambo ambayo watu walikuwa wanayanong'ona. Hata maisha yake binafsi aliyaandika wazi, mimba alizotoa, ndoa yake na Ronnie Knight aliyekuja kufungwa kwa fedha za wizi. Kwa hiyo ninapoambiwa alikuwa mtu wa kuficha, nashindwa kukubali. Nadhani mwanzoni aliogopa, kama wanavyoogopa karibu wote.

Na kuna jambo linaloniumiza. Mei 2016 Peggy alirudi mara ya mwisho. Saratani imerudi, naye akaamua kukatisha maisha yake mwenyewe kuliko kuisubiri immalize. Nchi nzima ikamlilia Peggy. Wakati huo mwigizaji mwenyewe alikuwa na miaka miwili tangu aambiwe ugonjwa wake, na hakuna mtazamaji aliyejua. Nimejaribu kuitazama tena sehemu ile, sikuweza kuimaliza.

Sasa niwaeleze kwa nini nasimama upande wa mume. Tuna bibi mmoja pale kazini. Kila siku saa kumi jioni anavaa koti, anapakata mkoba wake, ananiuliza basi linakuja saa ngapi. Namwambia bado kidogo, nakaa naye. Jina la binti yake limeshampotea, lakini zile ngoma za kumalizia EastEnders zikilia, vidole vyake vinazigonga kwenye mkono wa kiti, hakosei hata pigo moja. Binti yake aliniambia kwamba mama alipoanza kuugua waliamua kutomwambia mtu. Bibi akawa anarudia maneno, anawafokea marafiki, mara anamtuhumu jirani kwamba kamwibia. Marafiki wakadhani kabadilika tabia, kawa na kiburi uzeeni. Mmoja mmoja wakaacha kuja. Alipofika kwetu hakuwa na mgeni hata mmoja zaidi ya huyo binti. Ile siri ilimlinda na nini?

Sababu ya Mitchell ilikuwa hiyohiyo. Alieleza kwamba watu walimpenda mkewe, walimsimamisha barabarani, na mkewe alipenda kuzungumza nao, ila yeye alikuwa anaishi kwa hofu kwamba siku moja atachanganyikiwa mbele yao. Akataka wajue kwamba wakiona kitu hakieleweki, ni ugonjwa. Kwangu mimi huko ni kumrudishia mkewe barabara yake.

Kisha yakafuata mengine. Aprili 2019 Mitchell na waigizaji wa EastEnders walikimbia London Marathon kuchangisha fedha za utafiti wa dimensia. Septemba mwaka huohuo mtu na mkewe walipeleka Downing Street, ofisini kwa waziri mkuu, barua yenye saini zaidi ya 100,000 kuhusu hali ya matunzo ya wagonjwa. Mnaoishi huku mnalijua hili: ukipata saratani, hospitali ya serikali inakutibu bure. Ukipata dimensia, sehemu kubwa ya unachohitaji ni kuogeshwa, kulishwa na kutopotea njia, na hayo yanahesabiwa kama matunzo, si matibabu. Hapa England, mwenye mali inayozidi pauni 23,250 anajilipia mwenyewe. Nimeona familia zikiuza nyumba ya baba ili baba apate wa kumwogesha. Jambo hili halipati msukumo kama watu wote wamefunga milango yao. Windsor alifariki Desemba 10, 2020, akiwa na miaka 83, na mwaka 2022 serikali ilitenga pauni milioni 95 kwa mpango wa utafiti wenye jina lake.

Dada wa Mombasa hakukaa kimya. Alinibana hapa: haya, kutangaza sawa, lakini kumpeleka mgonjwa mwenyewe Downing Street mbele ya kamera? Anajua kapelekwa wapi? Hapo, ndugu zangu, nilisita, na bado nasita. Kusema "mke wangu anaumwa" ni jambo moja, na kumsimamisha apigwe picha akiwa katika hali hiyo ni jambo jingine. Najijibu kwamba mama huyu alikuwa jukwaani tangu akiwa binti mdogo, pengine mbele ya kamera ndipo alipojisikia nyumbani. Lakini jibu hilo ni langu, si lake, na kwa hilo nampa dada haki yake.

Karibuni mseme, hasa mliouguza mzazi au mwenza mwenye ugonjwa huu. Nani mwenye haki ya kusema, na je, mlimuuliza mgonjwa mapema, kabla hajafika huko? Mimi mwenyewe nimeshampigia simu mdogo wangu, nikamwambia siku nikianza kuvaa koti jioni na kuuliza basi linakuja saa ngapi, awaambie majirani wote.