Simu inapata jina la seva kupitia VPN, mashine yenyewe haipati

fundi_langoni:
Asalam aleikum wadau. Nimekwama tangu juzi, naomba msaada. Nina duka hapa Lamu, Langoni, na stoo yetu kubwa iko Malindi, nikaunganisha huku na huku kwa WireGuard (VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti), Malindi ni 10.8.0.1 na mimi huku 10.8.0.2, AllowedIPs (anwani zinazoruhusiwa kupita humo) nimeweka 10.8.0.0/24 peke yake. Malindi kuna dnsmasq, yaani seva ya DNS ya kugeuza majina kuwa anwani, inayojua jina stoo.malindi.lan, na programu ya oda inaita jina hilo. Huku nina mashine ndogo ya Ubuntu, inatumia waya kutoka kwa ruta ya kampuni ya intaneti, na yenyewe inatoa waifai kwa simu mbili za dukani.

Ping ya 10.8.0.1 iko sawa kabisa. Niliweka sheria hii ya DNAT, ya kugeuza maswali ya DNS (poti 53) yaende Malindi:

`iptables -t nat -A PREROUTING -p udp --dport 53 -j DNAT --to 10.8.0.1`

Sasa cha ajabu simu moja inafungua stoo vizuri tu, lakini mashine yenyewe inasema jina halipo. Nikichungulia mlango wa VPN (wg0) kwa `tcpdump -ni wg0 port 53` naona maswali ya simu yanapita, ya mashine hakuna hata moja, kimya. Kijana wa duka anaandika oda kwenye karatasi na kupiga simu Malindi, jana aliwaambia 12 wakatuma 20, na mzigo ukishavuka Mokowe (gati ya upande wa bara) kuurudisha ni gharama nyingine ya boti na lori. Nataka kuyakamata maswali ya mashine yenyewe niyapitishe kwenye VPN. Nakosea wapi?

kisiwani_net:
Waaleikum salaam kaka. Hiyo simu kupata na mashine kukosa ndiyo jibu lenyewe. PREROUTING inagusa pakiti zinazoingia kutoka nje, sasa swali la simu linaingia kwa waifai kwa hiyo linakutana na ile sheria yako na kugeuzwa. Swali lililozaliwa ndani ya mashine halipiti pale, linapita OUTPUT.

Halafu kuna la pili. Kwenye Ubuntu programu haiulizi ruta moja kwa moja, inauliza 127.0.0.53, yaani systemd-resolved iliyo humo humo ndani, na safari hiyo ni ya lo tu, mlango wa ndani wa mashine yenyewe. Wewe umekaa mlango wa wg0 unamsubiri mtu ambaye hajatoka hata chumbani. Sikiliza milango yote kwa pamoja halafu ulize jina, utuwekee hapa ulichoona:

`tcpdump -ni any port 53`

Na fungua dirisha jingine uandike `resolvectl status`, uangalie wg0 imeandikiwa seva gani ya DNS.

fundi_langoni:
Shukran sana. Hii hapa:

```
lo     In  IP 127.0.0.1.40112 > 127.0.0.53.53: 5121+ [1au] A? stoo.malindi.lan. (45)
enp1s0 Out IP 192.168.1.7.38904 > 192.168.1.1.53: 21377+ [1au] A? stoo.malindi.lan. (45)
enp1s0 In  IP 192.168.1.1.53 > 192.168.1.7.38904: 21377 NXDomain 0/1/1 (120)
```

NXDomain ndiyo ile "jina halipo". Na wg0 kwenye resolvectl haina DNS yoyote, patupu. Kwa hiyo niongeze DNAT ile ile kwenye OUTPUT?

kisiwani_net:
Hapana usifanye hivyo, utajiumiza. Ukigeuza kwenye OUTPUT lile swali litapelekwa wg0 kweli lakini anwani yake ya kutokea itabaki 192.168.1.7, ikifika Malindi WireGuard ya kule inaitupa kwa sababu 192.168.1.7 haimo kwenye AllowedIPs yako kule, utaona swali linatoka na jibu halirudi mpaka uongeze MASQUERADE ya kubadili anwani ya kutokea. Tena utanasa na maswali yanayokwenda 127.0.0.53 yenye anwani ya 127.0.0.1, hapo ndio vurugu haswa.

Tatizo lako si pakiti, ni kwamba resolved haijaambiwa nani anajua malindi.lan, ikaenda kumuuliza ruta wa watu ambaye hana habari. Mwambie. Kwenye wg0.conf chini ya [Interface]:

```
PostUp = resolvectl dns %i 10.8.0.1
PostUp = resolvectl domain %i '~malindi.lan'
```

Hiyo ~ maana yake majina ya malindi.lan yaende njia hii. Kuna watu watakwambia uweke '~.' ili kila swali lipite Malindi, mimi sikushauri, siku umeme ukikatika Malindi duka lako la Lamu litakosa majina yote hata intaneti yako ikiwa nzima. Ukimaliza zima wg-quick (inayowasha WireGuard) uwashe upya, kisha `resolvectl flush-caches` maana lile jibu la "halipo" linaweza kuwa bado limehifadhiwa.

binti_malindi:
Naongezea kidogo hapo kwa kaka. Umesema simu MOJA inapata, je ile nyingine? Kama ni Android 9 kwenda juu angalia kwenye mipangilio ya mtandao sehemu ya Private DNS, kama kuna jina la seva limeandikwa pale basi maswali yake yanatoka yamefungwa kwa TLS (usimbaji wa siri) kupitia poti 853, hutayaona kwenye 53 hata ukeshe, na iptables yako haiyagusi. Weka Automatic au Off.

Na tafadhali ukishapata tatizo zima tcpdump. Simu za vijana zinapita humo humo na kila jina wanalofungua linaonekana, hawajui kama unaangalia, waambie.

fundi_langoni:
Jamani Mungu awabariki. Nimeweka zile mistari miwili, nimefuta PREROUTING kwa -D, na sasa:

`wg0    Out IP 10.8.0.2.51377 > 10.8.0.1.53: 60214+ [1au] A? stoo.malindi.lan. (45)`

na jibu linarudi papo hapo. Simu ya kwanza bado inafungua bila ile sheria, maana sasa inauliza mashine na mashine inajua pa kuuliza. Simu ya pili ilikuwa na jina kwenye Private DNS kama alivyosema dada, nimeweka Automatic ikafunguka. Vijana nimewaambia na tcpdump nimeizima. Oda ya leo ya sukari na mchele imekwenda Malindi bila karatasi.

kisiwani_net:
Alhamdulillah. Sasa zima mashine uiwashe tena mara moja kabla hujafunga duka, uhakikishe wg-quick inajiwasha yenyewe, `systemctl enable wg-quick@wg0` kama bado.

fundi_langoni:
Ilikuwa bado kweli. Nimeiweka, nimezima nikawasha, jina limepatikana.