Mustang ya 1966 yenye paa la kukunjwa: kazi ya kutu ianzie wapi?

Mwenye gari, Jinja
Ndugu zangu, habari za kazi. Nina Ford Mustang ya mwaka 1966, ile yenye paa la turubai, ambayo marehemu baba mdogo aliiacha chini ya mwembe kwa miaka mingi. Kutu imekula sakafu upande wa dereva hadi ardhi inaonekana, na vizingiti vya milango yote miwili vimetoboka kwa chini. Fundi mmoja amependekeza akate sakafu na vizingiti vyote kwa mkupuo, aweke bati jipya, kisha apige puti na rangi. Je, nimruhusu?

Fundi wa bodi, Ndeeba
Usimruhusu, mzee wangu, kabla bodi haijafungwa mhimili wa kuishikilia. Mustang haina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa kuwa yako haina paa la bati, Ford waliongeza chuma kinene ndani ya vizingiti ili gari lisipinde katikati. Vizingiti vikikatwa bila mhimili, bodi italegea, pengo la mlango litabana juu na kupanuka chini, na hapo hakuna puti itakayokuokoa.

Acha milango mahali pake. Simamisha gari likiwa sawa, uzito ukibebwa na ekseli ya nyuma na mikono ya mbele inayoshika magurudumu, kisha chomelea bomba la mraba kwa ndani, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kila upande, pamoja na jingine la kukatiza katikati. Pima mapengo ya milango, yaandike, na uyapime tena kila kipande kinapokamilika. Upande mmoja umalizike ndipo uhamie wa pili.

Mchomeleaji, Katwe
Naunga mkono, ila tuulize kwanza maji yalitoka wapi. Mwaga maji kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, huku mtu akiangalia chini ya dashibodi kwa tochi. Magari haya hukusanya majani humo, yanaoza, kutu inatoboa kingo za tundu la hewa, na kila mvua ikinyesha maji yanadondoka sakafuni. Mahali hapo pasipotengenezwa, sakafu mpya itaoza kama ya zamani.

Kwa sakafu, bati la chuma la milimita 0.9 hadi 1 linatosha, lakini chuma cha ndani ya kizingiti lazima kiwe kinene zaidi, tena kile cha gari la paa la kukunjwa. Mabati ya kuezekea msiyatumie kamwe: zinki yake hutoa moshi wenye sumu na huharibu mshono. Chomelea nukta moja moja, ukirukaruka, ili joto lisipinde bati.

Mpaka rangi, Kampala
Naongeza moja tu. Kupuliza mchanga ili kutoa kutu kufanyike chini ya gari, si kwenye boneti wala milango, maana bati pana hupinda. Chuma kikishakuwa kitupu, kipate praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo, hasa msimu wa mvua.

Mwenye gari, Jinja
Nashukuru sana. Tumemwaga maji, na yamedondoka palepale sakafu ilipooza. Je, mabomba ya mhimili yaondolewe lini?

Fundi wa bodi, Ndeeba
Vizingiti vyote viwili na sakafu vikishachomelewa kikamilifu, na milango ikifunguka na kufungwa bila kugusa popote. Kabla ya hapo, hapana.