Maiki ya marehemu babu na kinanda cha mdomo: niifufue vipi bila kuiharibu?

FundiFriji_Kikuyu

Wakuu habari za jioni, na wazee wetu humu shikamooni.

Niko Dodoma mjini, Kikuyu. Mchana natengeneza friji, jioni napiga kinanda cha mdomo. Tuko watatu: mmoja ana zeze, mwingine ilimba, mimi harmonika ya matundu kumi. Wenzangu wakiwekewa maiki wanasikika vizuri kabisa. Mimi nikisimama mbele ya maiki hiyo hiyo, kinanda kinatoka chembamba kama mluzi. Ninachokitafuta ni ile sauti nzito yenye mkwaruzo ya wapigaji wa Chicago wa miaka ya 1950, akina Little Walter, waliokuwa wakikumbatia maiki pamoja na kinanda ndani ya viganja na kuiacha amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti, za kabla ya transista) izidiwe.

Mwezi uliopita mjomba alinikabidhi sanduku la bati la marehemu babu mzaa mama, aliyekuwa fundi redio Kongwa. Chini kabisa, imefungwa kwenye kitambaa cha khanga, nikakuta maiki nzito ya chuma yenye umbo la risasi. Imeandikwa Astatic, JT-30. Rangi imebabuka, koki yake ni ya kuskrubu, na waya umekauka kiasi kwamba ukiukunja unapukutika. Sanduku limekaa chumba cha nyuma, chini ya bati lisilo na dari, zaidi ya miaka ishirini.

Nilifunga waya wa muda nikachomeka kwenye spika yenye miksa ndani. Sauti ilikuja kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya kopo. Nikampelekea fundi mmoja hapa mjini, akasema vya ndani vyote ni vya kutupa, aniwekee kapsuli (kile kipande cha ndani kinachogeuza sauti kuwa umeme) ya maiki ya karaoke na kuipiga rangi nyeusi, elfu sitini.

Nimeirudisha nyumbani. Moyo umekataa. Hii ndiyo kumbukumbu pekee ya kazi ya babu niliyobaki nayo. Naomba ushauri: kweli ni ya kutupa?

FundiValvu_Manyoni

Mkuu, umefanya vizuri kuirudisha. Usimpe mtu yeyote aifungue kwanza.

JT-30 nyingi za zamani zina kapsuli ya kristali. Humo hamna sumaku na koili kama maiki za kanisani. Kuna kipande cha fuwele ya chumvi ya Rochelle, mojawapo ya zile ambazo ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walizitumia mwaka 1880 kuonyesha kwamba fuwele ikikandamizwa inatoa umeme. Sauti yako inasukuma kiwambo, kiwambo kinaikunja fuwele, fuwele inatoa volti. Hamna betri wala kitu kingine.

Ile sauti ya ndani ya kopo haijathibitisha kwamba imekufa. Tundu la maiki kwenye miksa lina impidansi (ukinzani wake kwa umeme wa sauti) ya omu elfu moja au mbili tu. Kristali inataka omu milioni moja kwenda juu, na ikipata milioni tano ndipo inajaa besi yake yote. Wewe ni mtu wa friji utanielewa: umechukua kompresa ya friji ya mezani ukaifunga kwenye chumba cha baridi cha bucha. Itazunguka, lakini ubaridi hutauona.

Tafuta mtu mwenye amplifaya ya gitaa. Tundu la gitaa kwa kawaida lina omu milioni moja. Chomeka hapo, volyumu chini, gusa wavu wa mbele kwa ukucha polepole, halafu ongea. Sauti ikijaa, kapsuli ni nzima na huyo fundi alikuwa anakupoteza. Ikibaki dhaifu vile vile, basi.

Na usihangaike kuipima kwa testa. Kristali nzima haipitishi mkondo, kwa hiyo testa itaisoma kama waya uliokatika na utaitupa ikiwa hai. Testa inasema kweli kwenye kapsuli za koili tu.

Jambo moja linanipa wasiwasi, nisikufiche. Chumvi hii huanza kuharibika ikifika nyuzi joto 55 hivi. Tena hewa ikiwa na unyevu mwingi mno inayeyuka, na ikiwa kavu mno inapoteza maji yaliyoshikwa ndani ya fuwele na kugeuka unga. Sanduku la bati, chini ya paa la bati, Oktoba ya Dodoma, mara miaka ishirini. Nakuombea, lakini jiandae.

Mtanga_Raskazone

Naunga mkono hilo la hewa. Ya kwangu ilikufa kwa upande wa pili, unyevu wa bahari. Nilipoifungua fuwele ilikuwa imelegea kama sukari iliyomwagikiwa maji. Kristali ikishakufa haifufuki, sijaona fundi aliyeirudisha. Na kama ni hai, mkuu, usiiache kwenye dashibodi ya gari juani hata nusu saa. Pia ukibadilisha waya usishikize pasi ya kulehemu kwenye vituo vya kapsuli. Lehemu waya kwenye klipu ikiwa pembeni, iache ipoe, ndipo uichomeke.

MamaSauti_Mpwapwa

Kaka habari. Mimi nafanya kazi ya sauti kwenye harusi na mikutano ya injili, na mume wangu anapiga harmonika, kwa hiyo hili limenipita mikononi.

Watu wengi wanaitafuta sauti hiyo dukani wakati nusu yake iko kwenye viganja. Shika maiki kwa kidole gumba na shahada cha mkono wa kushoto, kinanda kikae juu yake, kisha funika kwa mkono wa kulia hadi pasibaki upenyo. Ukifunga vizuri unatengeneza chumba kidogo cha hewa mbele ya kiwambo: besi inapanda, makali yanashuka, na msukumo wa kila noti unakuwa mkubwa kiasi cha kuitisha amplifaya. Ukifungua vidole kidogo sauti inang'aa. Hata maiki ya kawaida kama SM58 ukiifunga hivyo inabadilika, fanya leo usiku uone.

Lakini viganja havitakusaidia kama hewa inavuja ndani ya maiki yenyewe. Kapsuli inakaa kwenye gamba ikiwa imezungushiwa mpira. Mpira wa miaka hiyo unakuwa mgumu kama gamba la mbuyu, unapasuka, na hewa inapita pembeni ya kapsuli kwenda nyuma. Matokeo yake sauti inakonda na maiki inaanza kupiga yowe mapema, yaani sauti ya spika inairudia maiki. Mimi nilikata utepe kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa kidole kidogo. Niliuosha kwa sabuni kwanza kutoa ule unga mweupe, nikazungusha mara mbili, nikakata ncha kwa mshazari ili zilaliane bila kufanya kinundu. Kapsuli inatakiwa iingie kwa kusukumwa na gumba, isiingie kwa kudondoka. Ukitikisa isicheze. Tulisikia tofauti siku hiyo hiyo.

Rangi iache mwisho kabisa. Na ukiipiga rangi, kapsuli iwe nje, gamba likae siku kadhaa likauke kabisa, maana hiyo kitu unaisogeza mdomoni.

MzeeWaKondoa

Vijana mnahangaika na amplifaya za bei. Enzi zetu tulikuwa na redio za valvu zenye matundu ya gramafoni nyuma. Chomeka maiki ya kristali hapo inalia vizuri sana, tena mkwaruzo anaoutaka huyu kijana ataupata. Kama babu yake alikuwa fundi redio, aangalie kama hakuacha redio nayo.

FundiValvu_Manyoni

Shikamoo mzee. Kuhusu sauti umenena kweli, tundu la gramafoni liliwekwa kwa ajili ya kristali, linaikubali. Lakini naomba nisimame hapa kwa nguvu, na wote mnisome.

Redio nyingi za valvu hazikuwa na transfoma ya umeme. Chasi yake, lile fremu la chuma la ndani, imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Plagi ikigeuka, chasi nzima ina volti 230. Redio ilikuwa salama kwa sababu imefungwa ndani ya kasha la mbao na vitufe vya plastiki. Sasa wewe unatoa waya kutoka kwenye chasi hiyo, unaufunga kwenye gamba la chuma, unalishika kwa mikono miwili yenye jasho na kulibana mdomoni. Hapo hatuongelei muziki tena.

Mzee, kama yako ilikuwa na transfoma, mlikuwa salama. Mtu asiyejua kutofautisha asiguse kabisa. Hata yenye transfoma, ndani kuna volti mia mbili hadi mia tatu, na kapasita zinabaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.

Na kwa anayetaka kuagiza amplifaya ya zamani kutoka Marekani: zile ni za volti 120. Ukichomeka ukutani hapa unachoma transfoma. Tumia transfoma ya kushusha, na hakikisha waya wa ethi umefika kweli. Nyumba nyingi plagi ina pini tatu lakini ethi haijazikwa ardhini.

MzeeWaKondoa

Marahaba. Nimekuelewa, na umesema vizuri. Yetu ilikuwa na transfoma, nakumbuka uzito wake. Kijana usiguse redio bila kuonyesha fundi.

Kijana_Nkuhungu

Naingilia kidogo. Mimi amplifaya ya valvu ninayo ndogo, nikikumbatia maiki inapiga yowe kabla sijafika hata nusu ya volyumu. Tatizo maiki?

MamaSauti_Mpwapwa

Punguza makali, geuza spika isikutazame, ongeza besi. Mara nyingi inatosha.

FundiValvu_Manyoni

Na kama valvu ya kwanza ni 12AX7, jaribu 12AU7. Zinaingia soketi ile ile. Ya kwanza ina kipimo cha ukuzaji cha 100, ya pili kama 20 tu. Gitaa litaona imepoa, kinanda kitakushukuru. Zima, chomoa, iache ipoe ndipo ubadilishe.

FundiFriji_Kikuyu

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki tatu.

Nilikwenda Chang'ombe kwa jamaa mwenye amplifaya ya gitaa. Nikagusa wavu kwa ukucha kama nilivyoelekezwa. Kimya. Nikapandisha volyumu, nikaongea, ikaja sauti ile ile ya mbali. Nilipoirudisha mezani nikaitikisa karibu na sikio, nikasikia kitu kama mchanga. Nikaitoa kapsuli, na kwenye kitundu cha nyuma ukadondoka unga mweupe, mwembamba kama chokaa ya ubaoni. Nilikaa nikautazama. Joto la Dodoma lilishaimaliza kazi kabla mimi sijaanza kupiga kinanda.

Kapsuli ya karaoke sikutaka. Nimetafuta kapsuli ya sumaku ya aina ya zile za Shure za maiki za kijani, bei imenishinda kwa sasa. Kuna mtu alinipigia akaniambia kipande cha sikioni cha simu za mezani za zamani kina sumaku na koili, na kinaweza kufanya kazi kinyumenyume kama maiki. Soko la Majengo nilipata mkono wa simu mbovu kwa elfu tatu. Safari hii testa ilinisaidia, koili ilikuwa nzima. Kile cha mdomoni nilikiacha, maana cha zamani ni cha unga wa kaboni na kinahitaji umeme wa kulishwa.

Kwa kuwa impidansi yake ni ndogo, niliweka transfoma ndogo ya kuipandisha kabla ya tundu la gitaa. Utepe wa baiskeli niliukata kama dada wa Mpwapwa alivyosema, nikauzungusha mara tatu kwa sababu kipande ni kidogo kuliko kile cha awali. Waya nimetumia wenye skrini, ule wavu wa chuma unaozunguka waya wa ndani. Koki ya kuskrubu sikuikata, nimetengeneza kiungio kinachoskrubika juu yake chenye jeki ya gitaa upande wa pili. Rangi sijaigusa na sidhani nitaigusa, pale ilipobabuka ndipo gumba la babu lilipokuwa linakaa.

Jumamosi tulifanya mazoezi. Noti ya tundu la pili, kwa kuvuta, viganja vimefungwa: ilitoka nene, ina mkwaruzo chini yake. Mwenzangu wa zeze alisimamisha upinde akasema rudia. Tulirudia hadi saa nne usiku.

Si kristali, najua. Kapsuli ya babu nimeiweka kwenye kichupa chenye kifuniko, nikipata nyingine ya aina yake niijue kwa kulinganisha.

Swali moja limebaki. Nikiwa nimeiweka mezani mungurumo ni mdogo, nikilishika gamba kwa mkono unaongezeka. Hiyo ni nini?

FundiValvu_Manyoni

Pole kwa kristali mkuu, na hongera kwa kazi. Gamba lako linaelea, halijaungwa na skrini ya waya. Mpira wa baiskeli umeitenga kapsuli na chuma. Toa waya mfupi kutoka kwenye skrini, uubane chini ya skrubu ya ndani ya gamba, kwangua rangi hapo kidogo ipate chuma tupu. Kabla ya hapo pima ethi ya hiyo amplifaya ya Chang'ombe. Ukishafunga niambie.

FundiFriji_Kikuyu

Ethi nimepima, ipo. Waya nimeubana jioni hii. Mungurumo umekwisha.