Akidi ya Mkutano Mkuu na Kiwanja cha Kibada

ALHAMISI

Katibu, saa 1:48 usiku
Assalaam alaykum ndugu zangu, na wazee wote shikamooni. Naleta tena suala la mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha kuzikana cha watu wa Pangani tunaoishi Dar es Salaam, kwa kuwa ujumbe nilioutuma Jumatatu umesomwa na watu wengi na kujibiwa na mmoja tu. Mkutano wa mwaka jana uliahirishwa kwa kukosa akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali, na wa mwaka juzi ulifanyika bila akidi, kwa hiyo kamati iliyopo sasa, nami nikiwemo, inaongoza bila uhalali kamili wa kikatiba. Naomba kila mmoja aseme kama atafika Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, saa 4 asubuhi, Magomeni nyumbani kwa Shangazi.

Shemeji wa Mbezi, saa 2:03 usiku
Nitafika, inshallah. Naomba tu kamati itamke mapema kama kutakuwa na pilau, maana mkutano wa mwaka juzi ulikwisha saa 10 alasiri na tulikunywa maji peke yake.

Dada wa Tabata, saa 2:05 usiku
Pilau itakuwepo, Shemeji, na mwaka huu wanaume ndio watakaomenya vitunguu.

Shemeji wa Mbezi, saa 2:06 usiku
Basi hilo nalo lipigiwe kura, na akidi yake iwe wanaume wote wa ukoo.

Katibu, saa 2:15 usiku
Chakula tutakipanga na mwenye nyumba. Naomba turudi kwenye akidi yenyewe. Daftari letu lina majina 214, na katiba inataka nusu ya wanachama, yaani watu 107, wakati waliolipa ada ya mwaka huu ni 63. Katika majina hayo wamo marehemu ambao hatujawaondoa, wamo waliohamia mikoani, na wamo waliolipa kiingilio siku ya kwanza wasionekane tena. Watu 107 wa Pangani tunaoishi Dar es Salaam tumewahi kukusanyika msibani na harusini, lakini hatujawahi kukusanyika kwa ajili ya kusomewa mapato na matumizi. Napendekeza kifungu kirekebishwe ili akidi ihesabiwe kwa wanachama hai, na mwanachama hai awe ni yule ambaye hadaiwi ada ya mwaka.

Mjomba wa Kigamboni, saa 2:40 usiku
Katibu, hoja yako ni njema, lakini mkutano usio na akidi hauwezi kubadilisha kifungu cha akidi. Ukiwaita watu 63 wakabadilisha katiba, yeyote asiyeridhika atakwenda kwa Msajili wa Jumuiya na kusema mabadiliko ni batili, naye atakuwa na haki.

Katibu, saa 2:47 usiku
Ni kweli, Mjomba, na ndilo linaloninyima usingizi. Vyama vingi huweka kifungu kwamba mkutano ulioahirishwa kwa kukosa akidi ukiitishwa tena, idadi itakayofika ndiyo itakuwa akidi. Nakumbuka nasi tulikuwa nacho. Tatizo ni kwamba nakala niliyo nayo ni ya rasimu, yenye kurasa zilizopungua, na katiba yenye mhuri wa Msajili wa Jumuiya haimo katika kabati la chama.

Mjomba wa Kigamboni, saa 2:49 usiku
Sote tunajua iliko.

(Hakuna aliyejibu usiku huo.)

IJUMAA

Binamu wa Muscat, saa 3:20 asubuhi
Samahanini kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Sisi tulioko Oman tunalipa ada kamili lakini hatuhesabiwi katika akidi wala hatupigi kura, kwa kuwa katiba inataka mtu awepo ukumbini. Ikiwa mnatafuta watu wa kutimiza idadi, huku tuko 11. Jambo la pili, kuna watu huku wako tayari kuchangia ukarabati wa zahanati nyumbani, lakini wanauliza chama chetu kimesajiliwa wapi na nani atatoa taarifa ya fedha hizo.

Katibu, saa 3:52 asubuhi
Ahsante, Binamu. Tumesajiliwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura 337, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2019 inatutambua kama jumuiya iliyoundwa kwa manufaa ya wanachama wake. Kuhudumia umma kwa fedha za wafadhili ni kazi ya mashirika yaliyosajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, kwa msajili mwingine na masharti mengine ya taarifa. Tukipokea fedha za zahanati katika mfuko wa kuzikana, tutakuwa tumechanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenga, na wenye fedha wakidai hesabu hatutaweza kuwaonyesha shilingi ipi ilikuwa yao. Ninashauri wachangie moja kwa moja kupitia halmashauri ya wilaya, nasi tubaki kuwa mashahidi.

Binamu wa Muscat, saa 3:58 asubuhi
Nimeelewa. Suala la kura zetu je?

Mweka Hazina, saa 7:30 mchana
Kabla hamjaendelea, naomba mnisikilize kuhusu hao wanachama hai, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika stakabadhi. Katika vitabu vyangu ada nyingi huingia wiki ambayo mtu ana mgonjwa aliyezidiwa. Analipa malimbikizo yote kwa mkupuo, siku chache baadaye tunampelekea mkono wa rambirambi unaozidi alichochanga miaka yote, na wale wanaolipa kila mwezi wanaanza kujiuliza wanachanga kwa ajili ya nani. Tukiweka sharti la ada bila kuweka kipindi cha kusubiri cha miezi mitatu kabla ya mtu kustahili mafao, tutakuwa tumepata akidi na kupoteza mfuko. Naomba pia fedha ziondoke kwenye laini yangu ya simu. Ziende benki kwenye akaunti yenye watia saini watatu, kwa maana nikifa leo, watoto wangu wataulizwa deni wasilolijua.

Dada wa Tabata, saa 7:41 mchana
Mungu akuepushe, Mweka Hazina. Umesema kweli tupu.

Shemeji wa Mbezi, saa 7:44 mchana
Akiondoka yeye, nani atanikumbusha ada kila tarehe 5 kwa ile sauti yake ya mwalimu mkuu?

Kaka wa Temeke, saa 9:15 alasiri
Nimekaa kimya katika kikundi hiki tangu baba afariki, lakini leo nitasema. Mweka Hazina anazungumza kuhusu watu wanaolipa wakati mgonjwa amezidiwa. Baba yangu hakulipa wakati huo, kwa sababu alikuwa kitandani na hakuna aliyekuja kumkumbusha. Aliongoza chama hiki tangu kinaanzishwa, akasafiri kwa nauli yake kwenda kukisajili, na wengi wenu mlizikiwa wazazi wenu kwa gari aliyoitafuta yeye. Alipofariki mlikuja na kifungu cha 14 mkatusomea mbele ya wageni, kwamba marehemu alikuwa na deni la miezi minane na kwa hiyo mkono wa rambirambi haupo. Mama yangu alisikia maneno hayo akiwa eda. Leo mnatafuta katiba yenye mhuri na hati za kiwanja cha Kibada, na mnajua kwamba mkoba wenye karatasi hizo uko kwetu.

Mweka Hazina, saa 9:38 alasiri
Kaka, pole nakupa tena, na ninakupa kwa dhati. Kifungu cha 14 aliandika marehemu mwenyewe kwa mkono wake, na alikataa kisilegezwe hata ilipomgusa dada yake wa tumbo moja. Nilipokisoma nilikuwa natekeleza agizo lake.

Kaka wa Temeke, saa 9:40 alasiri
Hakuandika kwamba kisomwe mbele ya wageni.

Mjomba wa Kigamboni, saa 10:02 alasiri
Hilo la msiba ni jambo moja na kiwanja ni jingine. Kiwanja kilinunuliwa kwa michango ya wanachama, na risiti za michango tunazo. Kiliandikwa kwa jina la marehemu kwa sababu wakati ule hatukuwa na wadhamini waliosajiliwa. Jina kwenye hati halimfanyi mtu kuwa mmiliki wa jasho la wengine.

Kaka wa Temeke, saa 10:05 alasiri
Mjomba, sijasema kwamba ni changu.

Katibu, saa 10:30 alasiri
Naomba tutulie. Hiki ndicho kilichonifanya niweke wadhamini katika ajenda. Jumuiya iliyosajiliwa chini ya Sura 337 haipati kwa usajili huo peke yake nafsi ya kisheria ya kumiliki ardhi. Inahitaji wadhamini waliosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura 318, ili mali iwe ya bodi inayodumu hata wajumbe wake wakifariki au wakibadilishwa. Bila hivyo kila mali ya chama itakuwa ya mtu fulani mbele ya ofisi ya ardhi, na siku akifa itaingia katika orodha ya mirathi, hata kama yeye na watoto wake ni waaminifu kabisa. Msimamizi wa mirathi akikubali kwa maandishi kwamba kiwanja kilishikwa kwa niaba ya chama, tutakuwa na mahali pa kuanzia. Akikataa, tutakwenda mahakamani kushtaki nyumba ya mwasisi wetu, na mimi sitaki kuwa katibu wa siku hiyo.

Shangazi, saa 12:50 jioni
Nimesoma yote. Naombeni mnyamaze mpaka Babu azungumze. Nimempigia.

Babu wa Pangani, kwa simu ya mjukuu, saa 2:25 usiku
Wanangu, anayeandika ni mjukuu, maneno ni yangu. Mwaka 1976 Serikali ilipovunja vyama vya ushirika, kazi zao zikahamishiwa vijijini na kwenye mamlaka za mazao, mimi nilikuwa karani kijana wa chama cha msingi. Sheria ilipovirudisha mwaka 1982, watu walikuja wanakumbuka hisa zao na hatukuwa na daftari la kuwaonyesha, kwa sababu kila kiongozi alikuwa ameondoka na kitabu alichokuwa akikishika. Wengine hawakuwa wezi. Walikihifadhi wakidhani wanakilinda. Wazee kadhaa walikufa bila kulipwa walichoweka. Kwa hiyo Katibu ana haki ya kudai karatasi, na asione haya.

Babu wa Pangani, saa 2:31 usiku
Lakini mlikwenda kwenye nyumba yenye matanga mkiwa na kifungu, na hamkurudi kwenda bila kifungu. Mjane yule ni mke wa mwenzetu. Kabla ya mkutano, watu watatu watakwenda Temeke, na Mweka Hazina atakuwa mmojawapo. Mtapeleka mkono wa pole uliotoka mifukoni mwenu, kwa kuwa mfuko wa chama una sheria yake na sheria hiyo ibaki. Siku hiyo msitaje kiwanja wala mkoba. Nawe mjukuu wangu wa Temeke, baba yako hakula mali ya watu maisha yake yote. Usimpe sifa hiyo akiwa kaburini.

Kaka wa Temeke, saa 3:10 usiku
Nimesikia, Babu. Shikamoo.

Mweka Hazina, saa 3:12 usiku
Nimesikia, Babu. Nitakwenda.

Babu wa Pangani, saa 3:20 usiku
Marahaba wanangu.

JUMAMOSI

Katibu, saa 2:05 asubuhi
Tunamshukuru Babu. Wa kwenda Temeke ni Mweka Hazina, Shangazi, na nafasi ya tatu naomba Mjomba aichukue. Ninapendekeza Jumatano baada ya alasiri. Mkutano unabaki Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Mjomba wa Kigamboni, saa 4:30 asubuhi
Jumatano sipo mjini. Na kwa maoni yangu mkutano usubiri mpaka katiba yenye mhuri ipatikane, vinginevyo tutakutana tena kinyume cha katiba tusiyoiona.

Katibu, saa 4:36 asubuhi
Mjomba, tukisubiri mkoba tutamaliza mwaka wa tatu bila mkutano halali, na taarifa ya mwaka kwa Msajili itakuwa haina muhtasari wa kuambatanisha. Jumatatu nitakwenda ofisi ya Msajili kuomba nakala kutoka kwenye jalada letu. Wao lazima wana katiba waliyoigonga mhuri.

Dada wa Tabata, saa 5:15 asubuhi
Kwa nini hatukufikiria hilo tangu mwaka juzi?

Shangazi, saa 8:40 mchana
Mimi Jumatano nitakwenda. Ila Jumapili ya mwisho wa mwezi ni akdi ya ndoa ya binti wa jirani yangu, na viti vyangu vyote wameazima.

Shemeji wa Mbezi, saa 8:45 mchana
Basi mimi nitakuwa wa tatu kwenda Temeke, Mjomba akiridhia. Marehemu alinioza. Viti naweza kuvipata Mbezi, lakini mtu anithibitishie tarehe kwanza.

Katibu, saa 9:02 alasiri
Ahsante sana, Shemeji. Naomba waliokwisha kusoma wathibitishe kwa majina kamili ili nianze kuhakiki daftari. Mpaka sasa nina watu 19.

Binamu wa Muscat, saa 5:30 usiku
Na sisi 11 tunahesabiwa au hatuhesabiwi?