Naomba ushauri: wimbo niupendao umeanza kunichosha

Mpenzi wa Dansi: Wanajamvi, salamu. Kuna wimbo wa Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, ambao nausikiliza kila siku njiani kwenda kazini, na mara nyingi nauacha ujirudie mpaka nifike. Mwanzoni gita la solo lilipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho yenye mwendo wa kasi, mwili ulinisisimka. Sasa chemko linapita nami nikiwaza mambo mengine. Linalonishangaza ni kwamba nyimbo za zilipendwa nilizozisikia redioni tangu utotoni, ambazo bila shaka nimezisikia mara nyingi zaidi, bado zinanigusa. Je, niuweke kando wimbo huu?

Msomaji wa Usiku: Ndugu mleta uzi, jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu akikutana na kitu mara kwa mara huelekea kukipenda zaidi, hata kama hakikumletea faida yoyote. Miaka mitatu baadaye mwanasaikolojia mwingine, Daniel Berlyne, alieleza kwamba mvuto huo hupanda hadi kilele kisha hushuka, na kwamba kitu chepesi huchosha mapema kuliko chenye mambo mengi ndani yake. Kwa kuwa nyimbo za Sikinde si nyepesi hata kidogo, mimi naona tatizo lako ni msongamano: marudio yaliyofuatana bila nafasi huchosha haraka kuliko yaliyotawanyika, na zile zilipendwa zako zilitawanyika katika miaka mingi.

Bibi Karafuu: Naongezea hapo. Watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha mwaka 2011 matokeo yaliyoonyesha kwamba ubongo humwaga dopamini, kemikali inayohusika na hisia za raha, si tu pale sehemu tamu ya muziki inapofika, bali hata msikilizaji anapokuwa bado anaisubiri. Zamani, katika vipindi vya salamu vya redioni, hukujua wimbo wako utapigwa lini, wala kama utapigwa kabisa, na kungoja huko kulikuwa sehemu ya raha yenyewe. Kwa hiyo mwanangu, usiufute. Uchanganye na nyimbo nyingine nyingi, kisha uiache simu ichague yenyewe.

Mpiga Besi: Mimi sikubali kwamba dawa ni kupumzika tu. Sisi wanamuziki huurudia wimbo mmoja mazoezini na jukwaani kwa miaka bila kuuchoka, kwa sababu kila mara kuna jambo jingine la kusikiliza. Leo lifuate besi tangu mwanzo hadi mwisho, ukisahau kabisa kwamba kuna mwimbaji. Siku nyingine sikiliza jinsi gita la rithimu linavyojibizana na solo, halafu uvigeukie vyombo vya kupuliza. Ukipata onyesho la jukwaani nenda, maana huko hakuna chemko linalopigwa vilevile mara mbili.

Mpenzi wa Dansi: Ahsanteni sana. Swali moja limebaki: siku hizi huruka beti nikaenda moja kwa moja kwenye chemko. Je, hilo nalo linachangia?

Mpiga Besi: Linachangia sana, kaka. Zile beti za taratibu ndizo zinazolijenga chemko: sikio linatulia katika mwendo mmoja, linafuata kisa, kisha magita yanabadilisha mwendo. Ukiziruka, badiliko hilo hulisikii. Anzia mwanzo.