Naomba ushauri: duka la marehemu baba, Mlandege

Assalaam aleikum ndugu zangu. Baba katuachia mlango wa duka Mlandege, mjini Zanzibar, nyumba ya zamani, alikokuwa akishona kanzu. Jirani wa khanga kahama, sasa wanauza simu. Upande wa pili vipodozi. Tangu lifunguliwe jengo la maduka Michenzani, wateja wengi huishia huko.

Kaka anataka tumkodishe mtu wa simu, kodi ya mwaka mzima mkononi. Mimi roho inagoma. Vyerehani bado vizima, na fundi aliyefunzwa na baba anadarizi shingo ya kanzu kwa mkono, kazi safi wallahi! Ila Ramadhani na Idi zikipita, kazi haba.

Wenye maduka Mlandege na Darajani, mnaonaje tukiligawa duka, nusu simu, nusu ushonaji? Na mkataba tuuandikeje mpangaji asije akang'oa ile milango ya mbao?