Mjadala: Sebule zetu za Mtwara zinahitaji OLED au Mini-LED?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, kila fedha za korosho zinapoanza kuingia, swali la runinga ya bei kubwa hurudi barazani. Safari hii ndugu mmoja wa Shangani ametoa hoja kwamba runinga ya kioo cha OLED haitufai, kwa sababu jua la pwani ni kali na madirisha yetu ni mapana, hivyo anayetaka inchi 65 achukue ya Mini-LED, inayong'aa zaidi, bila kusita. Hoja yake ina uzito, ila mimi siafikiani naye.

Kabla ya yote, tusichanganye majina, maana wapo walionunua QLED wakiamini wamenunua OLED. QLED ni kioo cha LCD, yaani kisichotoa mwanga chenyewe bali kinachomulikwa na taa za nyuma, kikaongezewa tabaka la chembechembe za kukoleza rangi. Mini-LED nayo ni LCD, isipokuwa taa zake ni ndogo na nyingi, na zimegawanywa katika kanda zinazoweza kufifishwa kila moja peke yake. OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta ya picha hujiwasha na kujizima yenyewe, ndiyo maana weusi wake ni weusi kamili, ilhali kwenye Mini-LED maandishi meupe juu ya giza huweza kuzungukwa na ukungu wa mwanga.

Ni kweli kwamba Mini-LED hung'aa zaidi, hasa kioo kizima kinapokuwa cheupe, wakati ambapo OLED hujipunguza mwangaza. Lakini sisi hutazama saa ngapi? Mechi za Klabu Bingwa Ulaya nyingi huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu, na tamthilia husubiri watu warudi kutoka kazini. Tena hatukai watu wawili mbele ya kioo: watoto wako mkekani, jirani yuko kwenye kiti cha mlangoni. Kwa vioo vingi vya LCD, anayetazama kutoka upande huona rangi zimepauka, ilhali kwenye OLED picha hubadilika kidogo sana. Sifa hii haionekani dukani, kwa kuwa mnunuzi husimama katikati.

Mwenye kibanda umiza namshauri kinyume chake. Nembo ya kituo na ubao wa magoli, vikikaa kona ileile kutwa kwa miezi mingi, vinaweza kuacha alama ya kudumu kwenye OLED. Yeye achukue Mini-LED.

Lililo zito kwangu ni namna tunavyoonyeshwa bidhaa. Dukani huwekwa video ya kiwandani ya 4K, rangi zimekolezwa kupita kiasi. Nyumbani king'amuzi cha kawaida huleta, kwa ubora wake wa juu, nukta 1920 kwa 1080, na runinga hulazimika kuzijaza hadi 3840 kwa 2160 za kioo cha 4K. Hapo ndipo uwezo wa chipu ya runinga inayochakata picha hujulikana, na runinga mbili zenye kioo cha aina moja huachana mbali. Naona ni haki ya mnunuzi kudai aunganishiwe king'amuzi, aone mpira wa kawaida, kisha asogee pembeni atazame tena, kabla ya kutoa fedha.

Naomba mwenye OLED iliyotumika miaka 3 au zaidi atueleze kama nembo imebaki kwenye kioo, na huiwasha saa ngapi kwa siku.